Mizinga Inayosubiri

Filimoni alizikwa Jumanne, mimi nikafika Alhamisi, na hakuna aliyeniuliza kwa nini nimechelewa. Wangeuliza ingekuwa nafuu. Turubai la msiba lilikuwa bado limefungwa ubavuni mwa nyumba, wanawake wanasugua kwa majivu masufuria makubwa ya kuazima, na wanaume watano sita ambao niliwafahamu kwa sura walikuwa wamekaa kwenye mabenchi ya kanisa wakizungumza Kiha kwa sauti za chini. Walinisalimia vizuri, wakanipisha. Yusta, binti yake, ambaye nilimwacha akiwa darasa la sita na sasa ana watoto wake wawili, alinipeleka chumba cha ndani, akaniletea ugali wa muhogo na maharage, akakaa mbele yangu mpaka nikamaliza. Kisha akainama, akavuta kutoka uvunguni mwa kitanda mfuko wa rambo uliofungwa kwa kamba ya katani, akaniwekea mapajani. "Alisema hiki ni chako, Bibi Nyuki," akasema. "Usikifungue hapa." Ilikuwa imepita miaka mingi bila mtu kuniita Bibi Nyuki, jina nililopewa nilipokuwa afisa nyuki wa huku. Niliutia mfuko ule ndani ya mkoba, nikaaga, nikatembea mpaka nyumba ya wageni nikiwa nimeukumbatia mkoba kwa mikono miwili.

Sikuufungua siku ile. Nilikuwa naogopa, na sioni sababu ya kulipamba neno hilo. Muda wote huo niliishi nikiamini kwamba Filimoni nilimharibia maisha, na nilimharibia kwa jedwali. Wengine huharibu wenzao kwa fitina au kwa wivu. Mimi nilitumia rula na kalamu ya bluu. Lilikuwa jedwali dogo, la mistari miwili na safu mbili, vyumba vinne tu vya kuandikia namba, kama lile ambalo mwalimu yeyote wa hisabati anaweza kulichora ubaoni huku akiwaza mambo mengine. Nimechora mamia ya namna hiyo tangu wakati ule, na kila ninapofika kwenye chumba kile cha juu upande wa kulia mkono wangu unasita kidogo. Wanaofanya kazi nami wanadhani ni umakini.

Niliripoti Kibondo Januari 2013, nikiwa na miaka ishirini na minne, na stashahada ya ufugaji nyuki, na buti mpya ambazo zilinichubua visigino mpaka Machi. Kakonko ilikuwa imetoka kupewa wilaya yake, na ofisini kwetu watu walitania kwamba viti vyote vizuri vimehamia huko. Mimi nilikalia mzinga wa maonyesho, boksi la mbao lililopakwa rangi ya kijani, kwa muda wa miezi miwili. Mkuu wangu, ambaye hapa nitamwita Kileo, alikuwa mtu wa Kilimanjaro, msafi, mwepesi wa kukasirika, asiyependa karatasi iliyokunjwa pembe. Nilipanga chumba kwa Mama Skola, mjane mwenye kicheko kikubwa aliyekuwa katika kikundi cha akina mama waliopewa mizinga ya boksi na mradi mmoja wa wafadhili. Maboksi manne ya kwake yalikaa nyuma ya jiko. Katika moja kuku alikuwa ametagia, na Mama Skola hakuona aibu kulisema hilo: kila asubuhi alinikaribisha chai ya rangi na mihogo ya kuchemsha, akaniambia kwamba katika mradi wetu mpaka sasa anavuna mayai.

Kazi niliyopewa ilikuwa ya kulinganisha. Wanakijiji wa kule porini, kijiji ambacho sitakitaja, walirina asali kwa mizinga ya magome, yaani mti wa myombo unabanduliwa gome lake zima kama soksi, linashonwa kwa vijiti, linatundikwa juu. Mti ukivuliwa gome hivyo unakufa. Bwana Misitu alitaka mizinga ile ipigwe marufuku, mradi ulitaka maboksi yake yasifiwe, na Kileo alitaka karatasi ya kupeleka juu. Swali lilikuwa rahisi kulitamka: mzinga upi una nafasi kubwa zaidi ya kuingiwa na nyuki, gome au boksi? Nilitengeneza fomu. Mstari wa kwanza gome, mstari wa pili boksi. Safu ya kwanza "una nyuki", safu ya pili "mtupu". Ukijaza vyumba vile vinne unajumlisha kila mstari, unagawanya, unapata uwezekano, unalinganisha. Nilimkabidhi fomu hizo Filimoni, mwenyekiti wa kikundi cha warina asali, mwanamume wa miaka hamsini hivi, mwembamba, mwenye dharau ya kuchekesha, aliyekataa kuitwa mzee na aliyevaa buti za mpira zilizooshwa mpaka zikang'aa. Aliisoma fomu polepole, akaipindua kuona kama nyuma kuna kitu, akasema watajaza.

Zikarudi mwezi wa tano. Nilikaa na kikokotoo changu juu ya mzinga wa maonyesho nikajumlisha. Maboksi: ishirini yenye nyuki, ishirini mitupu. Magome: sabini na mawili yenye nyuki. Mitupu, sifuri. Nikarudia fomu moja moja, watu kumi, na kila mmoja kwenye chumba kile aliandika sifuri, tena wengine waliandika kwa kukaza kalamu mpaka karatasi ikatoboka. Sasa mtu yeyote aliyewahi kuutazama mti wenye mizinga anajua kwamba haiwezekani. Hakuna duniani mahali ambapo kila mzinga una nyuki. Nilijisikia kutukanwa. Nilijiona msichana mgeni ambaye watu wazima wamemkalia wakamchezea, na hasira ile, ninaikumbuka vizuri, ilikuwa tamu.

Kwa hiyo kwenye mkutano, ndani ya darasa la shule ya msingi tuliloazima, mbele ya Kileo na Bwana Misitu na wale warina asali kumi waliobanana kwenye madawati ya watoto, nilichora jedwali langu ubaoni, nikapiga duara sifuri ile, nikawauliza wanamdanganya nani. Filimoni alitazama sifuri, akanitazama mimi, kisha akatazama nje dirishani, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeguswa mahali pabaya mbele za watu. Kileo ndiye aliyenyanyuka. Alisema serikali haiwezi kutoa kibali cha kuingia msituni kwa watu wanaoandika uongo kwenye karatasi zake. Anawapa wiki tatu walete hesabu ya kweli, la sivyo kibali kinafutwa na mizinga yote inashushwa. Watu wale hawakuwa na kazi nyingine iliyowaweka kijijini kwa heshima. Nilimwona mmoja akifunga vifungo vya koti lake, anakosea matundu, anaanza upya, na hapo ndipo utamu wa ile hasira ukaniisha mdomoni. Nilikuwa nimetaka wakemewe kidogo. Sikutaka wafukuzwe.

Nyumba ya Mama Skola haikuwa na dari, kwa hiyo maneno yalipanda ukutani na kushukia upande wa pili. Jioni ileile nilimsikia jikoni akizungumza na dada yake. Mengi yalikuwa ya Kiha, ila nilishika "Bibi Nyuki" mara tatu na "mwongo" mara moja, na dada mtu akasikitika kwa ulimi. Nikatoka, nikakaa kwenye kigoda, nikaanza kuchambua kisamvu bila kuombwa. Nikamuuliza Mama Skola anieleze kosa langu. Aligeuza dagaa kwenye kikaango, akapunguza kuni. Akaniambia kwamba kule mrina asali hautaji mzinga wake kuwa mtupu. Mzinga una nyuki, au unasubiri. Ukiutamka mtupu umelifukuza kundi ambalo huenda liko njiani linakuja. Nikamwambia lakini maboksi waliyataja, tena kwa wepesi. Akacheka, kicheko kidogo safari hii. "Boksi ni la mradi, mwanangu. La mradi si la mtu, unaweza kulisema utakavyo. Gome ni lake, amelitafuta, amelishona. Na wewe, mwanamke akikaa mwaka mmoja hajashika mimba, utasimama mbele za watu umwite tasa?" Nikaacha kuchambua. Kumbe hawakuandika uongo. Chumba kile niliwaandalia mimi, na jina la chumba ndilo lililokuwa kosa. Waliruka mizinga inayosubiri kwa sababu fomu yangu haikuwa na mahali pa kuiweka.

Kesho yake nilimweleza Kileo. Alinisikiliza akiwa ananyoosha pembe za faili, akasema hayo ni mambo ya mila, na jedwali halijui mila. Kama ninataka kuwatetea basi nikahesabu mwenyewe. Nilikwenda na kofia ya wavu na begi la mchele. Kambi yao ilikuwa mwendo wa saa sita kutoka kijijini, vibanda vinne vya nyasi na moshi usiokatika. Filimoni alikuwa anaosha buti. Hakuinua kichwa. "Umekuja kuhesabu uongo?" akauliza. Nikamwambia nimekuja kuomba radhi, na baada ya radhi, kuhesabu. Akaendelea kuosha mguu wa pili mpaka ukamridhisha. Nilisimama pale na begi langu kichwani, shingo inaniuma, nikijua kwamba akikataa hakuna tena hesabu wala kibali. Hatimaye akasema "Ego," yaani ndiyo kwa Kiha. "Tua mzigo, Baba Yusta hali peke yake." Nikaanza kumwita Baba Yusta tangu siku hiyo.

Siku nne tulizunguka. Alitembea mbele, anasimama chini ya mti, anatega sikio, anatazama mlango wa mzinga kwa muda, kisha ananiambia "una watu" au "unasubiri", nami naandika. Hakukosea hata mara moja katika ile niliyoweza kuhakikisha kwa darubini. Kuhusu mizinga ya wenzake alikuwa mpole zaidi kuliko ya kwake. Kwenye mzinga wa jirani uliosubiri alinong'ona, kama mtu anayepita karibu na mgonjwa aliyelala. Siku ya mwisho, mchana, nilichora mraba mbele ya kibanda kwa kijiti, nikaugawa vyumba vinne. Tukatumia maharage mekundu kwa magome na ya njano kwa maboksi. Safu ya pili aliipa jina mwenyewe: inayosubiri. Mekundu yakawa sabini na mawili upande wa nyuki na arobaini na manane upande wa kusubiri. Ya njano ishirini kwa ishirini.

Aliyatazama, akafurahi, akasema mbona jibu linajulikana, hata sokoni ndoo nane kwa kumi za asali zinatoka kwenye magome. Nikamwambia hayo ni maswali mawili. Nikasukuma safu yote ya nyuki pamoja, mekundu na ya njano, tisini na mawili. Ukilamba asali hujui imetoka wapi, uwezekano wa kuwa ya gome ni sabini na mbili katika tisini na mbili, karibu nane kwa kumi, ndiyo. Lakini hiyo ni kwa sababu magome ni mengi. Nikarudisha maharage, nikashika mstari wa magome peke yake. Ukifumba macho ukagusa gome lolote, uwezekano wa kukuta nyuki ni sabini na mbili katika mia moja na ishirini, sita kwa kumi. Boksi ni tano kwa kumi. Aliyapeleka maharage huku na huku kwa kidole, akinung'unika kwa Kiha, na nilimwona anafika kwenye jibu kabla hajalitamka. "Kwa hiyo mimi miaka yote najibu swali ambalo sikuulizwa," akasema. Alilielewa haraka kuliko wanafunzi wengi niliowafundisha baadaye, na haraka sana kuliko Kileo.

Ningeishia hapo tungekula mchele wetu kwa amani. Magome sita, maboksi matano, warina asali wameshinda. Lakini katika maboksi yale arobaini, ishirini yalikuwa nyuma ya majiko ya akina mama, kwa moshi na kuku na watoto, na ishirini yalitundikwa huku porini. Mkono wangu ulijua la kufanya kabla moyo haujakubali. Nikayagawa maharage ya njano mafungu mawili. Ya nyumbani: matano tu yenye nyuki katika ishirini. Ya porini: kumi na matano katika ishirini. Saba na nusu kwa kumi. Yaani ukilinganisha wanaofanana, pori kwa pori, boksi lilikuwa linalishinda gome, na lile jedwali la kwanza lilificha jambo hilo kwa kuchanganya majiko na msitu. Filimoni hakuhitaji kuelezwa. Aliuliza taratibu kama karatasi hii pia itakwenda kwa mkuu. Nilitaka kusema hapana. Ninakiri kwamba nilitaka sana. Nikamwambia nikiificha hii, basi nami nitakuwa nimeandika sifuri, tena yangu itakuwa ya uongo kweli. Aliyakusanya maharage yote, akayatia sufuriani, akayabandika motoni.

Mkutano wa pili ulikuwa kwenye darasa lilelile, madawati yaleyale. Kileo alishika hesabu yangu kwa ncha za vidole. Aliuliza hii "inayosubiri" ni jibu la nani, maana fomu ya ofisi ina majibu mawili, una nyuki au mtupu. Mizinga arobaini na minane ambayo mwanzo haikuwepo kwenye karatasi sasa ipo. Atajuaje kwamba sikuitunga mimi ili kuwaokoa? Akataka kila mwenye mzinga asimame, aseme mwenyewe, iingie kwenye muhtasari. Asiyetaka, kibali kifutwe. Nikasema nimeiona kwa macho yangu. Akaniambia nikae. Kalamu ya Bwana Misitu ilikuwa inagonga meza. Wanaume wale walitazama sakafu, na mmoja alikuwa amefumba macho kabisa. Niliona kitu nilichokianzisha kwa kalamu kikija kumkuta kila mmoja mahali alipokaa, na sikuwa na la kufanya.

Filimoni alisimama. Dawati la mtoto lilimnasa magoti, akalisukuma. "Nianze na yangu," akasema. "Wa mninga wa bondeni, mtupu. Wa juu ya jiwe, mtupu. Wa njia ya tembo, ule wa zamani, mtupu. Wa pili yake, mtupu." Hakuharakisha. Alitaja mti na mahali, kila mzinga, mmoja baada ya mwingine, na kila alipofika kwenye lile neno sauti yake ilishuka kidogo kisha ikapanda tena. Ishirini. Nilikuwa naandika na machozi yanadondoka kwenye karatasi rasmi, na Kileo, nadhani, aliona, maana aliacha kunihimiza kwa kidole niandike haraka. Alipomaliza wa ishirini alijifuta kinywa kwa mgongo wa mkono. "Ya wenzangu sitaji," akasema. "Bibi Nyuki ameiona. Mkiamini yangu, aminini na yake." Akakaa. Kileo aliandika kitu, akasema imepokelewa. Kisha nikasimama nikasoma hesabu ya pori kwa pori, boksi saba na nusu, gome sita, bila kumtazama mtu. Ikaamuliwa kwamba kibali kinabaki, mizinga ya magome iliyopo iachwe mpaka ioze yenyewe, hakuna mti mwingine kubanduliwa, na maboksi ya akina mama yahamishiwe porini. Mama Skola alipata asali yake ya kwanza mwaka uliofuata. Kuku alitafutiwa mahali pengine.

Ningependa kuishia hapo, na kwa muda niliishia hapo, nikijisifu moyoni. Lakini mwaka 2014 ulikuwa mbaya. Moto ulipita sehemu kubwa ya msitu, maua yakawa haba, na makundi machache ndiyo yaliyohama kutafuta mizinga. Katika ile ishirini ya Filimoni, kumi na mitano ilibaki vilevile. Habari zilinifikia jikoni kwa Mama Skola, ambaye alinieleza akitazama pembeni: kambini wanasema amewafukuza nyuki kwa mdomo wake. Wakamvua uenyekiti. Mmoja wao akahamisha mizinga yake mbali, asije akaambukizwa. Kisha wakati wa kurina akawa anakwenda peke yake, analala peke yake kwenye kibanda cha mbali, na mtu anayepanda miti peke yake hana wa kumshikia kamba. Barua ya kuhamishiwa Kasulu ilipokuja, nilishukuru Mungu, na sikwenda kumuaga. Mimi niliyesomea kulinganisha makundi sikujiuliza hata swali la kitoto, kwamba mizinga ya wenzake, ile isiyotajwa, yenyewe ilikuwaje mwaka ule. Niliamini kwa sababu nilijiona mkosaji, na mkosaji hahesabu.

Nilimwona mara moja tu tena, mwaka 2015, sokoni Kasulu. Nilikuwa nimesikia ameanguka mtini na anatibiwa mguu hospitali ya Kabanga. Alikuja kwenye njia ya mitumba kwa mkongojo, mguu mmoja ndani ya buti la mpira lililong'aa, mwingine kwenye bandeji, na mkononi ana mfuko wa rambo. Alikuwa anaangaza huku na huku kama mtu anayetafuta nyumba asiyoijua. Ningeweza kumwita, tulikuwa hatua kumi. Nikageukia makoti yaliyotundikwa, nikaingiza uso katikati yake, yananuka dawa ya nondo, nikashika kola moja baada ya nyingine kana kwamba nachagua, mpaka sauti ya mkongojo ikapotea. Nilinunua koti moja kwa aibu. Halikuwahi kunitosha.

Asubuhi ya Ijumaa, kwenye nyumba ya wageni, nikakata ile kamba ya katani. Ndani mlikuwa na daftari la kurasa arobaini na nane, la jalada jekundu, limeliwa pembe na mende. Kurasa za mwanzo zilikuwa majina ya miti kwa penseli, na mbele ya kila mti alama. Katikati kulikuwa na mraba uliochorwa kwa kitu kisichonyooka vizuri, vyumba vinne, na pembeni jumla. Mstari wa kwanza aliandika: niliyoitaja. Wa pili: nisiyoitaja. Safu ya kwanza: imeingia nyuki. Ya pili: inasubiri. Niliyoitaja, mitano na kumi na mitano. Nisiyoitaja, sita na ishirini na miwili. Mitano katika ishirini ni robo kamili. Sita katika ishirini na minane haifiki robo. Aliizunguka mizinga yote ya wenzake, peke yake, mti kwa mti, mwaka ule ule waliokuwa wanamkimbia, akaihesabu ile ambayo hakuna mtu aliyewahi kuihesabu kwa sababu inasubiri. Iliyotajwa ilikuwa imeizidi kidogo isiyotajwa. Chini aliandika: Bibi Nyuki, neno halikufukuza kitu. Ulikuwa mwaka mbaya wa watu wote. Usiwaambie, itakuwa ni kutaja ya wenzangu.

Nililia mpaka mhudumu akagonga mlango kuuliza kama nahitaji maji ya moto. Ushahidi wa kujisafisha alikuwa nao mkononi tangu mwanzo. Angewaonyesha siku moja tu kambini, wangemrudishia kiti chake na kamba yake na labda mguu wake, lakini kuwaonyesha kungekuwa kuwaambia usoni kwamba mizinga yao ishirini na miwili ni mitupu. Akaona heri alaumiwe.

Nilirudi msibani kuaga. Wale wanaume walikuwa bado kwenye mabenchi, wamepungua, na mmoja, aliyekuwa amefumba macho darasani siku ile, aliniambia kwa upole kabisa kwamba Filimoni alikuwa mtu mwema, ila mdomo wake ule ndio uliomponza. Daftari lilikuwa ndani ya mkoba, chini ya kiganja changu. Nikafungua zipu. Nikaifunga. Nikamjibu kwamba ulikuwa mwaka mbaya, basi. Yusta alinisindikiza mpaka barabarani, na nilipomuuliza kwa nini baba yake hakunipa mwenyewe enzi zile, alishangaa kidogo, kama mtu aliyedhani ninajua.

"Alikuletea Kasulu," akasema. "Alikuona. Ila alisema ulikuwa unachagua makoti, hakutaka kukusumbua."